Nilipanga kuitoroka familia ya bosi huko Venice, nikageuka nikawakuta wote nyuma yangu

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko nyumbani na sisi wa huku kwenye joto.

Hii stori nimeikalia zaidi ya mwaka. Rukia, rafiki yangu wa Mombasa ambaye huwa nakutana naye kwake Ghulail, hapa hapa Jeddah, Ijumaa nikipata ruhusa, ameniambia nisipoiandika ataiandika yeye, na atajiweka yeye ndani. Basi naandika mwenyewe.

Yote ni kweli. Pale nilipodanganya watu, nitasema nilidanganya.

Mimi ni Nekesa, mtoto wa Kitale, kazi za ndani, Saudi. Mwaka wa kwanza nilikuwa Riyadh kwa bibi mmoja tunayemwita Hajja. Mwanawe anaishi Jeddah, mtaa wa Aziziya. Mke wa huyo mwana alipojifungua mtoto wa tatu, Hajja akanipeleka kwao kama mtu anavyomwazima jirani sufuria nzuri, yaani kwa moyo mkunjufu, lakini kila wiki anapiga simu kukumbusha kwamba ni yake.

Huyo mwana ndiye baba, kafili wangu, yaani mdhamini wa visa yangu. Mkewe ndiye madam. Sio watu wabaya. Mshahara unaingia, chakula nakula wanachokula wao, hakuna aliyewahi kuniinulia mkono.

Lakini miaka miwili sikuwahi kushika ufunguo wa mlango wowote. Nikitaka kutoka naomba, nikirudi nabisha hodi. Wanaojua wanajua. Unafika umri wa miaka thelathini na moja unabisha hodi kila siku, mpaka unaanza kubisha hata mlango wa bafu ukiwa peke yako nyumbani.

Sasa baba akatangaza safari. Familia nzima wiki moja Italia, mji wa Venice, na mimi niende kwa ajili ya watoto. Hajja naye angetoka Riyadh kujiunga nasi.

Hapo shetani wangu akaamka.

Nina rafiki tuliyesoma naye sekondari ya bweni, anaitwa Kemunto, mtu wa Kisii. Yuko Italia miaka sita, mji wa Padova, nusu saa tu kwa treni kutoka Venice. Anamtunza bibi mzee. Kila wiki alikuwa ananitumia voice note: "Nekesa, njoo. Huku Jumapili unatembea hadi uchoke. Huku unafunga mlango wako mwenyewe."

Alikuwa ananipigia simu akiwa ngazini ili nisikie funguo zikilia. Niliumia, wakuu. Nilitaka zile funguo.

Plan ikawa hivi. Siku ya tatu, saa tisa alasiri, familia ikiwa imelala baada ya chakula, mimi natoka. Kemunto ananisubiri stesheni ya treni ya Venice. Tunapanda, tunapotea.

Bei yake niliijua. Baba alikuwa ameniahidi likizo ya Desemba, miezi miwili nyumbani, tikiti juu yake. Nikitoroka, hiyo imekufa, na Saudi sirudi tena maisha. Na kule visa ni ya wiki mbili tu, baada ya hapo wewe ni mtu wa kujificha. Lakini mtu akishaonja wazo la ufunguo, Desemba inaonekana mbali sana.

(Subirini kidogo, mdogo ameamka.)

Nimerudi.

Venice sasa. Kwanza mjue baba alichagua huo mji kwa picha. Hakusoma kitu. Tulibeba masanduku tisa, mfuko wa mchele, sufuria ya umeme ya kupikia mchele, birika la gahawa na tende za kulisha harusi. Tukapanda teksi kubwa kutoka uwanja wa ndege. Ikafika mahali, ikasimama, dereva akashuka akaanza kushusha mizigo.

Sisi wote tulibaki tumeketi. Watu wa Jeddah hawashuki garini mpaka mlango wa gari uangalie mlango wa nyumba. Hata dukani kule Aziziya unapiga honi tu, muuzaji anakuletea mkate dirishani.

Baba akamwambia yule dereva, "Yalla, endelea."

Dereva akanyoosha mkono akaonyesha maji.

"Mafi sayyara?" madam akauliza. Yaani hakuna gari?

Hakuna gari. Mji mzima hauna gari hata moja. Ni maji, madaraja na vichochoro. Baba akayatazama maji, kisha akasema alikuwa anajua.

Kutoka pale ni boti, halafu kutembea, na kila daraja lina ngazi. Nyumba ya kukodi ilikuwa ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Kigari cha mtoto nilikibeba begani na mtoto akiwa ndani amelala. Mtu wa pekee aliyefurahi ni Hajja. Yule bibi huko Riyadh huzunguka bustani kila alfajiri, ana miguu imara kuliko mwanawe.

Siku ya kwanza ya kutalii baba alituongoza kwa ramani ya simu. Akatupeleka majini mara tatu. Unafuata kichochoro, unapinda, unakuta ngazi zinazoshuka kwenye mfereji, basi. Mara ya tatu Fahad, mtoto wa kwanza, ana miaka saba, akauliza kama baba ameagiza samaki.

Mimi sikuhitaji ramani. Nimekulia Kitale, mahindi yakikomaa huoni hatua tano mbele, njia unaijua kwa alama. Hapa kuna duka la vinyago vyenye pua ndefu. Pale kuna mbwa mnene aliyelala mlangoni. Kule kuna shuka za bluu zimeanikwa juu ya mfereji. Jioni ile nilirudisha familia nzima nyumbani kwa shuka, mbwa na vinyago.

Kuanzia hapo baba akaweka sheria. Kwa sababu madam huchukua saa nzima kujiandaa, akasema, "Nekesa akivaa abaya, wote tunashuka. Tunamfuata yeye. Halas, basi."

Ikawa hivyo. Naongoza, wao nyuma kama vifaranga. Tuliona kanisa kubwa la dhahabu, tukaona jumba la wafalme wao wa zamani, madam akapigwa picha pamoja na njiwa, akapiga kelele zilizowatisha. Nilikuwa nawaeleza historia niliyoiiba kutoka kwa watalii wengine waliokuwa na kiongozi wa Kiingereza. Nyingine niliibuni. Hapo nilidanganya, nimesema.

Siku ya tatu ikafika.

Nilipika kabsa nzito makusudi, nyama nyingi, mchele mwingi. Saa nane na nusu nyumba nzima ilikuwa inakoroma. Begi singeweza kubeba, basi nikavaa nguo zangu zote. Magauni matatu, moja juu ya lingine, suruali ndani, na abaya juu. Wakuu, ilikuwa Agosti. Nilikuwa natokwa jasho kabla sijafunga viatu.

Pasipoti zote zilikaa kwenye mkoba wa Hajja, kwa sababu Hajja hapotezi kitu, na mbeba mkoba wa Hajja ni mimi. Nikatoa yangu moja. Ya mtu mwingine sikugusa. Hajja alikuwa amelala chali, mdomo wazi, nikamwombea heri kimoyomoyo nikafunga mlango taratibu.

Nilitembea kama mtu anayekimbilia maji ya kaunti kabla hayajakatika. Vinyago, kulia. Mbwa, kushoto. Daraja la kwanza, la pili, la tatu. Sikugeuka nyuma hata mara moja. Mke wa Lutu aligeuka, mnajua yaliyompata.

Nikatokea kwenye ngazi pana za stesheni. Kemunto huyu hapa! Kanenepa kidogo, kavaa miwani, kanipungia mikono yote miwili.

Halafu mikono ikashuka. Akawa anaangalia nyuma yangu.

Nikageuka.

Baba. Amebeba kigari cha mtoto begani, uso mwekundu kama nyanya, mara yake ya kwanza kukibeba tangu mtoto azaliwe. Madam nyuma yake, miwani ya jua imekaa upande. Mtoto wa pili amemshika madam nguo. Fahad amebeba chupa ya gahawa. Na Hajja, wala hahemi, anakuja taratibu na mkoba wake kwapani.

Kumbe Fahad hakuwa amelala. Aliniona navaa abaya. Na sheria ni sheria. Nilipofunga mlango tu akapiga kelele, "Yalla! Nekesa ameshuka!" Nyumba nzima ikaamka, ikavaa, ikanifuata. Hata madam siku hiyo alijiandaa kwa dakika tatu. Walikuwa daraja moja nyuma yangu safari nzima wakiniita, na mimi na masikio yangu ya mwizi sikusikia.

"Nekesa!" baba akasema akitafuta pumzi. "Shway shway, taratibu! Mbona leo unakimbia?"

Wakuu, kichwa kilikuwa tupu kabisa. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Nilitaka tuwahi, baba. Hii ndiyo stesheni. Ni ya kihistoria sana."

Jengo lenyewe ni bapa, halina hata nguzo, ungeliweka kwetu ungedhani ni ofisi ya ardhi. Baba akaliangalia kwa heshima. Akalipiga picha saba.

Naona mmoja hapo juu anauliza kama kuna ushahidi. Ushahidi uko kwenye simu ya baba, nenda ukamwombe.

Kemunto akanisogelea, akaniambia kwa Kiswahili bila kuchezesha uso, "Nekesa, umekuja na ukoo mzima? Mimi nimetandika kitanda kimoja."

"Nani huyu?" Hajja akauliza.

"Mkenya, Hajja. Tumekutana tu hapa sasa hivi." Hapo pia nilidanganya.

"Anaongea Kitaliano?" baba akauliza, na macho yakamng'aa. Siku tatu alikuwa akiagiza chakula kwa ishara. "Mwambie atusaidie. Watoto wanataka treni. Treni nzuri inaenda wapi?"

Kemunto naye alichanganyikiwa. Mji anaoujua ni mmoja. Akasema, "Padova."

Hivyo ndivyo nilivyotoroka, wakuu. Nilipanda treni ileile niliyopanga kupanda, kuelekea mji uleule niliopanga kuelekea, na kafili wangu ndiye aliyelipa nauli.

Ndani ya treni nilibanwa katikati ya Hajja na dirisha la jua. Magauni matatu yalikuwa yameshikamana mwilini. Hajja akanitazama, akanishika mkono wa juu, akaubonyeza.

"Asubuhi hukuwa mnene hivi," akasema.

"Ni kabsa, Hajja."

Akanyamaza. Hajja akinyamaza, ogopa.

Padova tukaenda kwenye uwanja mkubwa wenye nyasi, mfereji umeuzunguka na sanamu za mawe zimepangwa kila upande. Baba na madam wakaenda na watoto kuhesabu sanamu. Hajja akatandika shali yake, akamimina gahawa, akatoa tende mkobani, akatuita mimi na Kemunto tukae. Mimi nikawa mkalimani.

"Muulize ameolewa?"

Nikamgeukia Kemunto. "Anauliza kama umeolewa. Sasa tunafanyaje?"

Kemunto akatabasamu kwa adabu. "Mwambie bado. Angalia mkahawa ule nyuma yako. Msala uko mwisho, na pembeni kuna mlango wa kutokea barabara ya pili. Ingia kama unaenda haja, toka, nikukute kwenye kona."

Nikamwambia Hajja, "Anasema bado, anamwomba Mungu ampe mume mwema."

"Maneno yote hayo ni ya mume?"

"Kiswahili ni lugha ndefu, Hajja."

Hajja akanywa funda moja. Akamtazama Kemunto vizuri, jinsi alivyokuwa anamtazama daktari wake wa Riyadh kabla ya kukubali dawa. Kisha akasema, "Muulize mara ya mwisho kumwona mama yake ni lini."

Hilo sikuliongezea chochote. Nililitafsiri kama lilivyo.

Tabasamu la Kemunto likaondoka. Akachezea funguo zake, zilezile nilizokuwa nazisikia kwa simu.

"Mama alifariki," akasema. "Mwaka juzi."

Nikasema, "Kemunto!"

"Nilizika kwa simu. Binamu yangu alishika simu. Wakati wanateremsha jeneza mtandao ukakatika. Uliporudi, watu walikuwa kwenye foleni ya chakula." Akaziweka funguo kwenye nyasi. "Sina karatasi. Nikitoka huku sirudi. Na nikienda sasa, naenda kwa nani?"

Wakuu, tulikuwa tunaongea kila wiki. Kila wiki! Kitanda, Jumapili, mitaa ya Padova, yote aliniambia. Hili hakuniambia.

"Mbona ulinificha?"

Akaniangalia moja kwa moja. "Ningekuambia, ungekuja?"

Nikang'oa jani la nyasi.

"Nekesa, yule bibi ninayemtunza haongei tena. Mlango nafunga, kweli. Nikishafunga nabaki mimi na yeye. Nilitaka tu mtu wa kupika naye ugali."

Nilimkasirikia, sitaficha. Nilitaka kumpiga kofi mbele ya zile sanamu. Alikuwa tayari kunizamisha ili asizame peke yake. Halafu nikamwona anavyoshika kikombe cha gahawa kwa mikono miwili, Kemunto aliyekuwa akinigawia mandazi chini ya blanketi bwenini, na hasira ikanitoka ikabaki huruma tupu.

"Amesema nini?" Hajja akauliza.

Nikamwambia yote ya mama yake, neno kwa neno. Hajja akasema, "Allah yirhamha," yaani Mungu amrehemu. Akachagua tende kubwa kuliko zote akamwekea Kemunto mkononi, akamfumba vidole juu yake. Kemunto akalia kwa sauti. Kwa muda hakuna aliyehitaji mkalimani.

Baadaye Kemunto akajifuta. "Mlango bado uko pale," akaniambia. "Sikulazimishi."

Nikainuka nikaenda mkahawani.

Nitasema ukweli kama nilivyoahidi. Mlango wa pembeni ulikuwa wazi. Niliona barabara, niliona baiskeli zimeegemea ukuta, niliona mwanamke ananunua matikiti. Nilisimama pale nikamfikiria mama yangu Kitale, magoti yake, jinsi anavyosema kila simu kwamba kuku wa Desemba ameshamchagua. Nikawaza kumuaga mama kwa simu, mtu mwingine ameshika.

Nikaingia msalani, nikavua magauni mawili.

Nilimpa Kemunto kwenye mfuko wa plastiki. Akacheka huku machozi bado yanamtoka. "Ulivaa duka zima?" Lile la kijani lilimkaa vizuri kuliko mimi.

Kwenye treni ya kurudi Hajja akanishika tena mkono, akaubonyeza.

"Sasa umepungua," akasema.

Kisha akafungua mkoba wake, akauweka wazi mapajani, akageukia dirisha kuangalia mashamba. Nikarudisha pasipoti yangu. Akafunga zipu. Mpaka leo hatujawahi kulizungumza, na baba mpaka leo anawaambia wageni kwamba stesheni ya Venice ni ya miaka elfu.

Mkitaka kujua kuhusu ufunguo, sina. Nilimwomba madam, akasema atafikiria. Bado anafikiria. Nimeamua mkataba huu ukiisha hauongezwi, na safari hiyo nitatokea mlango wa mbele na masanduku yangu mchana kweupe.

Desemba nilikwenda nyumbani. Nilimkuta mama, nikamla yule kuku. Wiki ya pili nikapanda gari kwenda Kisii kwa kina Kemunto, kwa sababu aliniomba.

Binamu yake akanipeleka mpaka kaburini, nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Nikampigia Kemunto video. Nikamwonyesha msalaba, nikamwonyesha maua niliyoleta, nikamwonyesha mlango wa jikoni kwa mama yake.

Akasema, "Iweke simu chini hapo, Nekesa. Usogee kidogo. Nina maneno na mama."

Nikailaza kwenye nyasi, nikaenda kusimama migombani. Aliongea Kikisii, mimi sikielewi. Binamu akaja kuniita chai, nikamwambia asubiri. Ilipita karibu saa nzima.

Niliporudi kuichukua ndipo nikaona nilikuwa nimeilaza vibaya. Kaburi halikuonekana kabisa. Muda wote ule Kemunto alikuwa akiyaangalia mawingu, na hakuniita nigeuze.

Nilichojifunza ni kimoja. Mtu akikuita ng'ambo, usimuulize anachopata huko. Muulize anachoshindwa kufanya, kisha unyamaze mpaka ajibu.

Wale wa "ungetoroka tu, mshamba wewe", njooni, ngozi yangu ni ngumu. Walioko huko bila karatasi, siwahukumu, semeni na nyinyi upande wenu. Na waliowahi kuzika kwa simu, kama mna nguvu ya kuandika, nafasi iko hapa chini. Nitasoma kila moja watoto wakishalala.